Dirisha lenye Vioo Vinne: Kusema Wazi na Kusikilizana Kati ya Waliokimbia Vita

Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo tunalolikuta kila mahali waliko wakimbizi wa ndani, iwe ni kambini au katika familia za kupokea. Watu wanaishi karibu sana, wanasikia hata kikohozi cha jirani, lakini hakuna anayejua mwenzake amebeba nini moyoni. Wanachota maji pamoja, wanasali pamoja, na kila mmoja yuko peke yake.

Kwa kueleza jambo hili tunatumia mfano unaoitwa Dirisha la Johari. Msidhani ni johari ile ya Kiswahili, jiwe la thamani. Wataalamu wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, waliutunga mwaka 1955 wakaunganisha majina yao, Joe na Harry. Hata hivyo tunaona jina limeangukia pazuri.

Chukueni kijiti, mchore chini dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale ninayoyajua juu yangu na wenzangu wanayajua pia. Cha pili ni yale ninayoyajua mimi tu, nimeyaficha. Cha tatu ni yale wenzangu wanayaona kwangu lakini mimi siyaoni. Cha nne hakuna anayekijua, si mimi wala wao. Sisi tunaoamini tunasema Mungu peke yake anakijua.

Vita hupunguza kile kioo cha kwanza. Mtu aliyekimbia amejifunza kwamba neno moja linaweza kuua: jina la kabila lake, kijiji alichotoka, nani alimficha usiku. Ananyamaza. Kunyamaza huko kulimwokoa njiani, kwa hiyo hatumlaumu. Shida ni kwamba hata akifika mahali penye usalama kidogo, kinywa kinabaki kimefungwa, na majirani wanaanza kujaza kimya chake kwa mawazo yao wenyewe.

Tuseme kuna mama ambaye haitiki salamu. Kwenye bomba la maji wanasema ana majivuno, wengine wanasema anachukia kabila letu. Siku moja, katika duara la wamama, anaeleza kwamba tangu bomu lilipoanguka karibu naye, sikio lake moja limekufa. Wenzake nao wanamwambia walivyokuwa wakimfikiria, na yeye anashangaa, maana hakujua. Angalieni vizuri: dirisha limefunguka kutoka pande mbili. Yeye ametoa alichoficha, wao wamempa asichokiona. Kama angesema na wao wasingesikiliza, pangebaki giza tu.

Hapo ndipo roho inapokua. Sala ni nzuri, lakini mtu anaweza kusali miaka mingi huku amefunika kidonda kile kile. Hawezi kutubu kosa ambalo hakuna aliyemwonyesha, wala kusamehe jambo ambalo hajalitamka hata kwa nafsi yake. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Sasa, duara lenyewe. Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Jiwe dogo linapita mkono kwa mkono. Aliye nalo anasema, wengine wananyamaza. Asiyetaka kusema analipitisha tu, na hakuna wa kumwuliza sababu. Yanayosemwa hapo yanabaki hapo. Kazi ngumu kuliko zote ni kusikiliza. Mtu akianza kulia, sisi wote tunakimbilia kusema: "Nyamaza, jikaze, wengine wamepata mabaya zaidi." Tunadhani tunamfariji, kumbe tunamfunga mdomo. Wachungaji na wazee, mtusamehe, lakini ninyi ndio wenye haraka zaidi ya kutoa mafundisho kabla mtu hajamaliza.

Kuna yasiyofaa kusemwa mbele ya duara. Mama, msichana au hata mwanaume aliyebakwa asilazimishwe kamwe kusimulia mbele ya watu. Ikiwa jambo limetokea karibuni, hospitali inatangulia maongezi yote: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza kabla masaa 72 hayajapita, na kuwahi ni bora zaidi. Kiongozi anayepata habari hiyo amsindikize kimya kimya, bila kuita kikao.

Wengine watasema barza ziko tayari. Ni kweli, na tunaziheshimu. Kivu ya Kaskazini ilikuwa na Barza ya makabila mbalimbali tangu mwaka 1998, na kwa miaka kadhaa ilisaidia kuzima magomvi mengi. Lakini siasa iliwagawa viongozi wake na kufikia mwaka 2005 ilivunjika. Kwa maoni yetu, wakubwa wakisikilizana juu na majirani hawasikilizani chini, amani inakaa katika mikono ya watu wachache mno.

Ninyi viongozi, mkianzisha duara, ketini chini kama wengine na msubiri jiwe liwafikie mwisho. Wiki ya kwanza msiulize juu ya vita. Ulizeni swali dogo ambalo kila mtu anaweza kulijibu bila hofu: nyumbani kwenu mlikuwa mnalima nini, na ni nani alikufundisha?