Kompyuta ya gemu: Mtaji mdogo waponea kwenye spea zinazolingana

Mfanyabiashara mdogo wa Usinge, wilayani Kaliua, anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu, iwe ya nyumbani au ya kibanda cha kulipia, ana gharama moja ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana. Gharama hiyo ni umbali. Mnunuzi wa Kariakoo akiuziwa spea isiyolingana na nyingine hurudi dukani jioni hiyo hiyo. Usinge iko kwenye reli ya Tabora hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Spea moja iliyokosewa hula nauli ya mzigo kwenda na kurudi, pamoja na siku ambazo mashine haiingizi hata senti.

Hali hiyo si ngeni katika njia hii. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya pwani, Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na bei ya bidhaa huku bara ilibeba ujira wa wapagazi na hongo za njiani. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 wapagazi waliondoka, lakini kanuni ilibaki: mali inayokwenda mbali hukaguliwa kabla haijafungwa.

Gemu kwanza, spea baadaye

Wanunuzi wengi huanza na kadi ya picha inayosifiwa mitaani, kisha wakatafuta vya kuizunguka. Utaratibu ulio salama ni kinyume chake: kuamua ni gemu gani litakalochezwa, na kununua kinachotosha gemu hilo.

Mpira wa miguu ni mfano mzuri. Gemu la EA Sports FC 25 linataka, kwa kiwango cha chini, kadi ya GTX 1050 Ti au RX 570, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kwa hiyo SSD ya GB 256 itabeba gemu kubwa moja au mawili tu pamoja na Windows. Aidha, kupakua GB 100 kwa bando la simu ni gharama kubwa, hivyo ni busara gemu liwekwe kwenye diski mjini, kwenye intaneti ya bei nafuu, kabla mzigo haujasafirishwa.

Njia mbili za kuanzia

Njia ya kwanza ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika na kuiongezea kadi. Zinazofaa zaidi ni zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 8 kuendelea, kama vile Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4. Sababu ya kutaja kizazi cha 8 ni kwamba Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia, na Windows 10 ilisitishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha 6 inayouzwa kwa bei ya chini ina sababu ya kuwa chini.

Hata hivyo, mashine za ofisi zina mipaka. Mara nyingi pawasaplai yake ni ya wati chini ya 300, na viunganishi vyake si vya kawaida, kwa hiyo haibadilishwi kirahisi. Kadi inayofaa hapo ni ile inayopata umeme wote kwenye madabodi, yaani isiyozidi wati 75, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada. RX 580 ina nguvu zaidi lakini hutumia wati 185 na huhitaji waya wake. Keisi nyembamba nayo hupokea kadi fupi tu.

Njia ya pili ni kuunda kwa spea mpya bila kadi, kwa kutumia prosesa yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Uwezo wake wa picha haufikii GTX 1050 Ti, lakini gemu nyepesi na za zamani hucheza, na kadi huongezwa mtaji ukikua. Kwa prosesa ya namna hii RAM mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16, kwa kuwa picha hutumia RAM hiyo hiyo, na RAM mbili hupitisha data kwa kasi zaidi.

Spea zinazogombana

Hasara nyingi hutokea kwa spea nzima zisizoelewana. Yafaa mnunuzi ahakikishe mambo manne. RAM ya DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 8 zote hutumia soketi inayoitwa LGA 1151, lakini madabodi ya moja haiendeshi nyingine. Prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina picha ndani, hivyo bila kadi monita haitaonyesha kitu. Na madabodi ya B450 iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuhitaji BIOS mpya kabla ya kukubali Ryzen za mfululizo wa 5000.

Dawa ya yote manne ni moja: mashine iungwe na kuwashwa dukani, mbele ya mnunuzi au mtu aliyemtuma, ndipo fedha zilipwe.

Kadi zilizotumika zina hatari yake. Baada ya mtandao wa Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Ziko pia kadi bandia, ambazo chipu ya zamani hubandikwa jina la GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi kati ya hizo kwa dakika chache.

Umeme na vumbi

Baadhi ya pawasaplai za bei rahisi zina swichi ya 115 na 230 kwa nyuma. Umeme wa Tanzania ni volti 230, na pawasaplai iliyoachwa kwenye 115 huungua inapochomekwa. Stebilaiza husaidia pale umeme unapopanda na kushuka, na UPS hutoa muda wa kuzima mashine vizuri. Kwa kibanda kilicho mwisho wa laini ndefu, vifaa hivyo vihesabiwe ndani ya mtaji tangu mwanzo. Kiangazi, vumbi lipulizwe kila mwezi.

Mashine inayotumia wati 200 kwa saa 8 hula uniti 1.6 kwa siku, sawa na uniti 48 kwa siku 30. Mwenye mita ya daraja la D1, ambalo ni la matumizi madogo ya nyumbani na ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, anabakiwa na uniti 27 kwa taa, redio na vingine vyote.

Hesabu ya kurudisha mtaji

Chukulia, kwa mfano tu, mashine ya shilingi 1,200,000 inayoacha shilingi 6,000 kwa siku baada ya umeme na kodi ya kibanda. Mtaji hurudi kwa siku 200. Mwenye kibanda akiongeza kadi ya shilingi 400,000, na faida ikapanda hadi shilingi 7,000 tu, mtaji utarudi kwa siku 229. Kadi kubwa inalipa pale tu inapoleta wateja wapya. Wateja wale wale wakicheza mpira ule ule kwa picha nzuri zaidi, mwenye kibanda ndiye anayewalipia.

Mwelekeo wa soko

Kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha katika viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, hivyo bei hufuata zaidi dola, nauli na VAT. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara yake ya Crucial, iliyouzia wateja wa kawaida RAM na SSD.

Kwa mnunuzi wa Usinge anayesubiri fedha za tumbaku, hali hiyo inaipa nguvu njia ya kwanza. Kompyuta ya ofisi inayokuja na RAM ya GB 16 ndani yake inaweza kuwa nafuu kuliko inavyoonekana kwenye bei ya mezani. Kabla ya kukubaliana bei, keisi ifunguliwe na RAM ihesabiwe.