DIFU YA PIKAPU NA MZIGO WA TELA: DEREVA AJUE, OFISI NAYO IJUE



Katika mashamba mengi ya chai na ya miwa, na katika viwanda vingi hapa Uganda, pikapu ya petroli ndiyo punda wa kazi zote. Asubuhi inawachukua wasimamizi, mchana inavuta tela ya mbolea, jioni inavuta tangi la maji au jenereta. Klachi ikiungua, anaulizwa dereva. Petroli ikiisha mapema, anaulizwa dereva. Gari likishindwa mlima, dereva anaambiwa hajui kazi.

Kuna kitu kimoja kisichoulizwa kamwe, nacho ni difu. Gari linaweza kuwa na injini nzuri na dereva hodari, lakini kama difu yake haikuchaguliwa kwa kazi ya kuvuta, litateseka, na atakayelipia mateso hayo ni mfanyakazi. Kwa hiyo nimeona tulieleze jambo hili polepole, ili hata asiye fundi aweze kulisema mbele ya meneja.

Namba ya difu

Ndani ya difu kuna gia mbili zinazosagana. Ile ndogo ni pinioni, nayo inazungushwa na propela, yaani ule mhimili mrefu utokao kwenye gia boksi. Ile kubwa ni krauni, nayo ndiyo inayozungusha ekseli na magurudumu. Hesabu meno ya krauni, gawa kwa meno ya pinioni, umepata namba ya difu. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 ni difu ya 4.10. Meno 41 kwa 11 ni 3.73. Meno 39 kwa 11 ni 3.55.

Maana yake ni nyepesi. Kwa difu ya 4.10, propela huzunguka mara nne na kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa difu ya 3.55, propela huzunguka mara tatu na nusu tu na kidogo.

Wale wanaobeba matoke kwa baiskeli wanaelewa haraka. Ukifunga sproketi kubwa nyuma, unapiga pedali mara nyingi na mwendo ni mdogo, lakini mlima unapanda na mzigo wako. Ukifunga sproketi ndogo, kwenye tambarare unakwenda kama upepo, lakini mlimani unashuka na kusukuma. Difu ni vivyo hivyo. Namba kubwa ni nguvu ya kuvuta, namba ndogo ni mwendo na kupunguza petroli.

Tofauti si ndogo. Kutoka 3.55 kwenda 4.10, nguvu inayofika kwenye magurudumu katika gia ile ile huongezeka kama sehemu 15 katika 100. Kutoka 3.73 kwenda 4.10 ni kama sehemu 10.

Kwa nini injini ya petroli inaumia zaidi

Injini ya dizeli yenye turbo huvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Ya petroli isiyo na turbo haiko hivyo. Nguvu yake huja ikizunguka haraka, mara nyingi baina ya mizunguko 2,500 na 4,000 kwa dakika. Ukiilazimisha kuvuta tela kwa mizunguko 1,500, inagonga, inapata joto, inakunywa petroli, na haiendi.

Sasa tupige hesabu. Pikapu yenye tairi za kipenyo cha sentimita 75, ikienda kilomita 80 kwa saa katika gia ya nne ambayo ni moja kwa moja: kwa difu ya 3.55 injini inazunguka kama mara 2,000 kwa dakika, na kwa difu ya 4.10 inazunguka kama mara 2,300. Ile ya pili iko karibu zaidi na nguvu yake. Ya kwanza ikikuta mlima itabidi dereva arudi gia ya tatu upesi.

Mtu atasema: basi arudi gia ya tatu, tatizo liko wapi? Ni kweli, gari likiwa mwendoni, gia ya chini husaidia. Lakini chini ya gia ya kwanza hakuna gia nyingine. Pikapu iliyosimama mlimani na tela nyuma, udongo umelowa, dereva hana pa kukimbilia ila kuichezea klachi mpaka gari liondoke. Hapo ndipo klachi zinapoungua, na mara nyingi sababu yake ni difu ya namba ndogo. Kama pikapu ina gia za kuvuta magurudumu yote na ina ile gia nzito ya chini, dereva aitumie kuondokea kwenye udongo. Hiyo ndiyo kazi yake.

Tukumbuke pia nchi yetu iko juu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu yake kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Fort Portal iko kama mita 1,500 juu. Huko injini imekwisha kupoteza kama sehemu 15 kabla tela haijafungwa. Faida yote ya kutoka 3.55 hadi 4.10 inamezwa na kimo cha mahali peke yake.

Ipi ichaguliwe

Huko Marekani mnunuzi wa pikapu mpya huchagua difu kiwandani. Ford F-150, kwa mfano, imekuwa ikiuzwa na difu za 3.31, 3.55 na 3.73, na mtengenezaji huandika uzito tofauti wa tela kwa injini ile ile kufuatana na difu. Magari mapya ya huko yenye gia 10 za kujibadilisha yamepunguza tofauti hiyo, kwa kuwa yana gia nyingi za chini, lakini hayakuiondoa.

Sisi hupata magari mengi yaliyokwisha kutumika, na kila moja huja na difu yake. Toyota peke yake, kwa nyakati na magari mbalimbali, imetumia 3.58, 3.73, 3.91, 4.10, 4.30 na 4.56. Pikapu mbili za rangi moja na injini moja zinaweza kuwa na difu tofauti. Kwa hiyo kabla ofisi haijanunua, iulize.

Kwa pikapu ya petroli yenye gia tano za mkono, naweka kipimo hiki:

Kama haivuti tela, na kazi yake ni barabara ya lami, 3.55 au karibu yake inatosha, na petroli itapungua.

Kama inavuta tela ndogo siku moja moja, mahali pa tambarare, 3.73 hadi 3.91.

Kama inavuta kila siku, kuna milima, barabara ni ya udongo, isipungue 4.10. Ikiwa na tairi kubwa kuliko zile za asili, 4.30 au 4.56.

Namna ya kuijua bila kufungua

Kibati cha gari, chini ya boneti au mlangoni, mara nyingi huwa na alama ya ekseli ambayo muuzaji wa spea huisoma kwa kitabu chake. Kama kibati kimepotea, fanya hivi. Egesha pahali sawa, zuia magurudumu ya mbele kwa magogo, inua nyuma yote na uiweke juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Achia breki ya mkono, toa gia. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Watu wawili wazungushe magurudumu ya nyuma pamoja mzunguko mmoja kamili, wa tatu ahesabu propela. Ikizunguka mara tatu na nusu na kidogo, ni 3.55. Mara tatu na robo tatu, pungufu kidogo, ni 3.73. Mara nne na kidogo, ni 4.10.

Tairi kubwa na shtaka la wizi

Hapa nataka tusimame, kwa sababu jambo hili limewahi kumfukuzisha mtu kazi.

Tairi ikiongezeka kimo, ni sawa na kupunguza namba ya difu. Toa tairi za sentimita 70, weka za sentimita 77: difu yako ya 4.10 sasa inavuta kama 3.73. Tena mita ya mwendo hudanganyika. Gari limekwenda kilomita 110, mita inaandika 100.

Katika shamba moja la chai upande wa magharibi, ofisi iliweka tairi za namna hiyo kwenye pikapu ya tela ili isikwame kwenye matope. Baada ya miezi michache karani akaona petroli haiendani na kilomita. Kila zilipoandikwa kilomita 100, zilizidi lita moja na nusu. Kwa safari 20 ni lita 30, yaani jerikani moja na nusu. Dereva akakatwa mshahara, akaandikiwa barua ya wizi.

Chama kiliitwa. Hatukubishana kwa maneno. Tuliomba pikapu nyingine yenye tairi za asili, yote mawili yakapita njia moja kutoka geti hadi kiwandani na kurudi. Moja iliandika kilomita 22, ile ya mshtakiwa ikaandika 20. Meneja aliona kwa macho yake. Barua ikafutwa, na makato yakarudishwa mwisho wa mwezi. Lakini dereva aliyemtangulia katika gari hilo hilo alikuwa amekwisha kuondolewa kwa shtaka lile lile, na hatukujua alikokwenda. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wakibadilisha difu

Krauni na pinioni huuzwa kama jozi, na hazichanganywi na za jozi nyingine. Fundi awe na vipimo vya kuziseti, la sivyo zitalia na kuvunjika. Kama gari linavuta kwa magurudumu yote, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe za namba moja, vinginevyo siku ile linapofungwa magurudumu yote kwenye ardhi ngumu kitavunjika kitu. Jozi mpya isivute tela nzito kwa kilomita 800 za kwanza, kisha oili ibadilishwe. Na pale mita inapozungushwa kutoka gia boksi, irekebishwe. Ukitoka 3.73 kwenda 4.10 itaandika kilomita nyingi kuliko zile za kweli.

Difu si breki

Ndugu wengine wakisikia 4.10 wataongeza mzigo. Hapana. Difu ya namba kubwa haikazi breki wala chasisi wala ndoano ya tela. Kwenye mteremko husaidia, kwa kuwa injini hulizuia gari vizuri zaidi katika gia ya chini, lakini haitoshi peke yake. Watengenezaji wengi huweka kilo 750 kuwa mwisho kwa tela isiyo na breki zake. Soma kitabu cha gari lako. Na watu wasipandishwe juu ya tela ya mizigo, hata kama mvua inanyesha na nyumbani ni mbali.

Tunayotaka

Wajumbe wa kamati za kazi walipeleke jambo hili kwenye mkutano wao na menejimenti. Kwanza, daftari la kila gari la kuvuta liandikwe namba ya difu, kipimo cha tairi za asili na za sasa, na uzito wa juu wa tela. Pili, tairi au difu ikibadilishwa, mita ipimwe siku hiyo hiyo, dereva na karani wakiwepo wote wawili, na hesabu mpya ya petroli iandikwe. Tatu, gari likinunuliwa kwa kazi ya tela, dereva na fundi waulizwe kwanza.

Na kama barua ya mashtaka imekwisha kuandikwa, dereva asikubali kuondoka kimya. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfukuza kwa kosa, na inampa mfanyakazi haki ya kuja na mtu amtakaye kwenye kikao hicho. Aje na mjumbe wa chama. Na mjumbe aje na chaki, futi ya kupimia tairi, na hesabu hizi.