Ukipaka rangi intakula ya gari lako, itapoza vizuri kama zamani?

Ukipita kwenye gereji za vijana wanaopenda Subaru, iwe Dar au Nairobi, utakuta intakula nyeusi, nyekundu, hata za dhahabu. Na kila mara ubishi ni uleule. Huyu anasema rangi inaziba joto, gari litakosa nguvu. Yule anasema nyeusi ndiyo inatoa joto vizuri zaidi, kwa hiyo paka tu.

Jibu fupi: safu moja nyembamba ya rangi haina madhara ya maana, na nyeusi haikupi faida ya maana. Kinachoharibu kazi ni rangi nene inayoziba nafasi za kupitisha hewa. Twende taratibu.

Intakula inafanya nini hasa?

Gari lenye turbo linasukuma hewa nyingi kwenye injini. Hewa ikibanwa inapata moto. Kama umewahi kujaza upepo kwenye baiskeli kwa pampu ya mkono, umeona jinsi pampu inavyopata joto. Kwenye turbo ni zaidi ya hapo: hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi joto 30, mgandamizo wake ukiongezeka mara mbili, inaweza kutoka ikiwa imevuka nyuzi 100.

Hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo ina oksijeni kidogo. Hesabu ya haraka: kila nyuzi 3 unazopunguza, hewa inakuwa nzito kwa karibu asilimia 1. Kwenye injini ya petroli hewa ya moto pia inaleta mlio wa kugongagonga, na kompyuta ya gari ikigundua inapunguza nguvu ili kulinda injini.

Hapo ndipo intakula inapoingia. Ni kama rejeta, ila ndani yake inapita hewa badala ya maji. Kwenye Subaru Forester na Impreza nyingi za turbo imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Kwenye malori na magari mengine mengi iko mbele, nyuma ya bampa.

Rangi inazuia joto kweli?

Ndiyo, kinadharia. Intakula nyingi ni za alumini, na alumini inapitisha joto takriban mara 1,000 kuliko rangi. Ukisikia namba hiyo unaweza kuogopa.

Lakini angalia unene. Safu moja nyembamba ya rangi ya kupuliza ni sehemu ndogo sana ya milimita, nyembamba kuliko unywele. Joto linaivuka haraka.

Halafu kuna jambo la pili, na ndilo kubwa. Sehemu ngumu ya safari ya joto ni kutoka kwenye chuma kuingia kwenye hewa inayopita. Hewa inapokea joto polepole. Chukulia uko kwenye foleni ndefu ya taa za barabarani. Mtu akiweka tuta dogo hatua chache kabla ya taa, utachelewa kidogo tu, kwa sababu kinachokuchelewesha ni taa. Rangi nyembamba ni hilo tuta. Kwa hesabu za kawaida haifiki hata asilimia 2 ya kizuizi chote, na kwenye usukani huwezi kuihisi.

Ndiyo maana hata rejeta nyingi za zamani za shaba zilitoka kiwandani zikiwa zimepakwa rangi nyeusi, na intakula nyeusi zinauzwa hadi leo.

Na ile stori ya nyeusi kutoa joto?

Ina ukweli ndani yake. Kitu cheusi kinatoa joto kwa mnururisho vizuri kuliko alumini inayong'aa. Shida ni kwamba intakula haitegemei njia hiyo. Karibu kazi yote inafanywa na upepo unaopita katikati yake gari likiwa kwenye mwendo. Tena vile vibati vyembamba vya ndani vinatazamana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo joto kinachotoa kimoja linapokelewa na jirani yake.

Na jua? Usiwe na wasiwasi. Intakula imejificha chini ya boneti au nyuma ya bampa. Joto la injini iliyo chini yake, hasa ukiwa umesimama kwenye foleni, ndilo linaloisumbua zaidi.

Hapa ndipo watu wanapoharibu

Nafasi kati ya vibati vya intakula ni finyu, mara nyingi milimita 1 au 2 hivi. Fundi akipiga praima, kisha rangi tabaka tatu, kisha vanishi, matone yanaganda na kuziba njia. Upepo usipopita, hakuna kupoza. Kupaka kwa brashi ni kubaya zaidi.

Kosa lingine ni kuacha midomo ya intakula wazi wakati wa kupuliza. Rangi ikiingia ndani inaweza kubanduka baadaye na kuelekea kwenye injini.

Ukiamua kupaka, fanya hivi:

- Osha grisi na vumbi, acha ikauke kabisa.
- Ziba midomo yote miwili kwa gundi ya karatasi.
- Tumia rangi ya kupuliza inayostahimili joto.
- Puliza kwa mshazari, si moja kwa moja, ili rangi ibaki usoni.
- Tabaka moja jepesi, basi.
- Ukimaliza, imulike kwa tochi kwa nyuma. Mwanga usipopita vizuri, umeziba.

Unanunua ya mtumba? Kuwa makini na rangi mpya

Huku ndiko rangi inaweza kukutoa hela. Ukienda kutafuta spea za mtumba Gerezani, Ilala au Kirinyaga Road, intakula iliyopakwa rangi mbichi inaweza kuwa imeficha kutu nyeupe ya alumini, ufa au sehemu iliyochomelewa. Waombe waijaze upepo mdogo na kuizamisha kwenye maji. Ukiona mapovu, achana nayo.

Kinachopunguza nguvu kwa kweli

Kabla ya kulaumu rangi, kagua haya: matope na wadudu waliokwama usoni, vibati vilivyolala kwa sababu ya maji ya presha kali ya kuoshea magari, oili iliyojaa ndani kutoka kwenye turbo, na mipira au klipu zinazovujisha upepo. Mpira uliochanika unakunyima nguvu kuliko rangi yoyote nyembamba.

Unaweza pia kupima mwenyewe kwa kifaa cha OBD kinachoungana na simu, ukisoma joto la hewa inayoingia kabla na baada ya kupaka. Ila muulize fundi kwanza sensa iko wapi. Kwenye magari mengi iko karibu na kichujio cha hewa, kabla ya turbo, na hiyo haitakuambia chochote kuhusu intakula. Unahitaji ile iliyo baada yake.

Kwa hiyo kama unataka gari lipendeze, paka kidogo na kwa uangalifu. Kama unataka nguvu, hela ya rangi ipeleke kwenye kusafisha intakula na kubadilisha mipira iliyochoka.