Machozi na Kinga ya Mwili

Watu wengi wanafikiri machozi ni maji na chumvi tu. Sivyo. Ndani yake mna silaha ndogo inayoua mikrobi. Wenye elimu wanaiita lizozimu. Nayo ni enzimu, maana yake kitu cha mwili chenye kazi ya kugeuza vitu vingine upesi.

Mwaka 1921 munganga Alexander Fleming, wa hospitali ya St Mary's katika London, alishikwa na mafua. Akatia makamasi yake mwenyewe katika sahani ya kuoteshea mikrobi. Baadaye akaona ya kuwa karibu na makamasi yale mikrobi zimeyeyuka. Akatafuta katika mate, katika machozi na katika ute wa yai: po pote akakuta nguvu ile ile. Ili apate machozi ya kutosha, akawatia watu maji ya limau machoni! Habari hiyo aliitangaza mwaka 1922.

Je, lizozimu inafanya kazi namna gani? Mikrobi nyingi zina ukuta uliofumwa kwa nyuzi za sukari. Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, kwa msaada wa miali ya X, walionyesha umbo la lizozimu: ina mfereji ubavuni. Uzi wa sukari unaingia humo kama muwa kati ya meno, nao unakatwa. Ukuta ukitoboka, maji yanaingia na mikrobi inapasuka. Tena vipande vya ukuta vinaamsha askari wengine wa mwili.

Lakini tusidanganyike. Mikrobi za tifoidi na za kuhara damu zimevaa ngozi nyingine juu ya ukuta. Lizozimu peke yake haiupati. Virusi hazina ukuta huo hata kidogo. Fleming mwenyewe aliona ya kuwa mikrobi zinazoyeyuka upesi ndizo zisizodhuru sana. Kwa hiyo jicho lenye usaha lataka munganga, si kungojea machozi.

Hata hivyo mlinzi huyu hakuwekwa bure. Maziwa ya mama yana lizozimu mara elfu na zaidi kuliko maziwa ya ng'ombe. Basi, tunapozunguka vijijini, tusiwaambie wamama ya kuwa maziwa ya kopo ni sawa na ya kwao. Muumba amemwandalia mtoto mchanga chakula na ngao pamoja; sisi tusimnyang'anye ngao hiyo kwa ujinga wetu.