Simu juu ya mimbara: mhubiri, betri na macho ya waamini

Katika makanisa ya Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira, watu hawashangai tena kumuona mhubiri akipanda mimbara na simu mkononi. Ndani ya simu kuna Biblia, kuna muhtasari wa mahubiri, na kwa wengine kuna mahubiri yote, neno kwa neno. Vijana hawaoni tatizo. Wazee wengi wanatazama pembeni, kwa sababu machoni mwao mtu anayeinamia simu ni mtu anayesoma ujumbe wa WhatsApp.

Mabishano haya huchukuliwa kama jambo la utakatifu. Lakini ukisoma Luka sura ya 4, Yesu mwenyewe katika sinagogi la Nazareti alipewa gombo, si kitabu chenye kurasa kama hiki tunachokitetea leo. Huku kwetu mashariki swali zito ni lingine: je, chombo hiki kitamfikisha mhubiri mpaka amina ya mwisho?

Tuanze na faida, maana ni kubwa kuliko wapinzani wanavyokubali. Mtu yeyote wa Bukavu anajua namna umeme unavyokatika, ijapo mitambo ya Ruzizi iko karibu na mji. Katika ibada za mkesha, aliyeandika mahubiri yake kwenye daftari anahitaji mtu wa kumshikia tochi. Simu inajiangazia yenyewe. Mchungaji mzee ambaye macho yamechoka, na miwani ni pesa nyingi kwake, anakuza herufi kwa vidole viwili na kuendelea. Kisha kuna lugha: mhubiri wetu anahubiri kwa Kiswahili, anasoma kwa Kifaransa, mara tena anataka mstari mmoja kwa Mashi, Kinande ao Kinyarwanda. Kubeba Biblia tatu mgongoni si kazi rahisi kwa mtu anayetembea kwa miguu toka kilima mpaka kilima.

Tena kuna kukimbia. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 jioni, Nyiragongo ilipolipuka, wakaaji wa Goma walitoka na watoto na kile kilichokuwa karibu. Tarehe 27 Mei wakaombwa tena kuhama sehemu kubwa ya mji, wengi wakaelekea Sake, wengine wakapanda mashua. Katika safari ya namna hiyo daftari la miaka kumi linabaki juu ya meza, simu inaenda ndani ya mfuko. Kwa mchungaji mkimbizi, hiyo si anasa.

Sasa upande mwingine. Simu iliyo wazi kwenye mtandao, ikilala karibu na mikro, inatoa ule mlio wa kukwaruza unaojulikana na kila fundi wa sauti, sekunde chache kabla ya kuita. Kisha inaita kweli. Ao ujumbe wa pesa unaingia juu ya mistari katikati ya wito wa toba, na kila aliye mstari wa mbele anaona mhubiri amesoma kitu kingine. Dawa ni rahisi: kuweka ile hali ambayo simu za Kifaransa huiita mode avion, kabla ya wimbo wa kwanza, si kwenye ngazi za mimbara. Kioo nacho hujizima baada ya nusu dakika kama hakikurekebishwa; mhubiri anayegusa simu kila mara ili iamke anapoteza wazo lake na la wasikilizaji. Na wale wanaohubiri nje, chini ya bashe kambini, wanajua jua la saa sita: kioo hakionekani, simu inapata moto na kupunguza mwanga yenyewe.

Somo kubwa zaidi lilikuja tarehe 31 Desemba 2018. Siku hiyo, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwote, na ilichukua karibu wiki tatu kurudi. Ilikuwa siku yenyewe ya mkesha wa mwaka mpya. Programu za Biblia zinazosoma moja kwa moja kwenye mtandao hazingeweza kufunguka, wala maandishi yaliyohifadhiwa mbali bila nakala ndani ya simu. Aliyekuwa amepakua Biblia yake mapema hakuguswa. Mega zinaisha, antena inaanguka, vita inafika. Mahubiri ya Jumapili yapakuliwe Ijumaa.

Kuna pia jambo ambalo halisemwi sana. Simu ya mchungaji si kitabu tu. Ndani yake kuna shida za ndoa za watu, majina ya wanaoombewa, picha, namba. Mara nyingi mahubiri hukaa katika programu moja na siri hizo. Simu ikiibwa sokoni, ao mtoto wa kwaya akiombwa kuitafutia mstari, siri zinatembea. Kuweka neno la siri kwenye simu ni sehemu ya uchungaji, hata kama halifundishwi na kila shule ya Biblia.

Kwa Wakatoliki kuna tofauti ya kuzingatia. Mwaka wa 2012 maaskofu wa Nyuzilandi walisema iPad isichukue nafasi ya kitabu cha Misa kwenye altare. Kitabu cha liturujia ni ishara. Maandishi ya homilia ni msaada wa kumbukumbu tu. Nadhani Waprotestanti wangefaidika na tofauti hiyo: Biblia ya karatasi ikae wazi mbele ya watu, simu ibebe muhtasari.

Muhtasari, si mahubiri yote. Anayesoma neno kwa neno kwenye kioo kidogo anatembeza kidole kila mistari sita, na macho hayapandi tena. Mama aliyetembea saa mbili kuja kusikiliza anaona paji la uso. Maneno kumi na tano kwa herufi kubwa yanatosha kwa aliyejitayarisha, na yanaingia pia kwenye kipande cha karatasi ndani ya Biblia, kwa siku ambayo betri itabaki na asilimia mbili.

Bado kuna aibu ndogo ya kila Jumapili: mtu wa protokole anatangaza simu zizimwe, kisha mhubiri anasimama na yake. Wengine wameanza kusema wazi, kabla ya kusoma, kwamba mahubiri yao yako ndani ya simu hii na haiko kwenye mtandao. Inachukua sekunde tano, na wazee wanaacha kunong'ona.