Ploti au Msuko? Asili na Matumizi ya Neno "Plot"

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliulizwa aeleze ploti ya hadithi fupi. Akajibu kuwa ploti ya hadithi hiyo ni kijiji na shamba la babake mhusika mkuu. Nilimpa sufuri. Tulipokaa kusahihisha, alinieleza kwamba kwao ploti ni kiwanja, tena shangazi yake amepanga chumba kwenye ploti mjini. Nilitambua kuwa jibu lake lilikuwa na mantiki. Mimi ndiye sikuwa nimeifafanua istilahi.

Ploti limetoholewa kutoka neno la Kiingereza "plot", ambalo maana yake ya kale ni kipande kidogo cha ardhi. Katika karne ya 16 lilianza pia kumaanisha ramani au mchoro wa kiwanja au jengo. Katika karne hiyo hiyo likapata maana ya mpango wa siri, yaani njama. Inaaminika kuwa hapa liliathiriwa na neno la Kifaransa "complot". Ndiyo sababu jaribio la 1605 la kulipua Bunge la Uingereza kwa baruti huitwa kwa neno hili. Kufikia karne ya 17 lilikuwa likitumiwa pia kuhusu mpangilio wa matukio katika tamthilia na hadithi.

Kiswahili kina njia yake. Tunasuka mkeka, tunasuka nywele, tunasuka njama, na mtunzi husuka visa. Kutokana na kitenzi hicho tumepata msuko. Ukichomoa ukindu mmoja, mkeka hulegea. Vivyo hivyo, tukio likiondolewa katika kazi iliyosukwa vyema, mengine hukosa kishikizo.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wakiulizwa msuko, husimulia hadithi upya. Mwaka 1927, E. M. Forster alitofautisha hadithi na msuko kwa kigezo cha usababishi. Kwa mfano:

(a) Mvua ilikosa kunyesha, kisha Juma akahamia mjini.
(b) Juma alihamia mjini kwa sababu mvua ilikosa kunyesha na shamba likashindwa kuilisha familia.

Sentensi (a) inafuatanisha matukio tu. Sentensi (b) inayasuka.

Kwa hivyo, tunapofundisha, inafaa:

1. Tutangulize istilahi msuko, kisha tutaje ploti kuwa kisawe chake.
2. Tuitenganishe na mandhari, ambayo ni mahali na wakati wa matukio.
3. Tumwongoze mwanafunzi aonyeshe chanzo cha mgogoro, unavyokua, kilele na suluhisho.
4. Baada ya kila tukio, tumuulize, "Kwa nini?"

Mwanafunzi wangu alijibu swali lile upya. Mara hii shamba lilikuwa bado limo katika jibu lake, lakini sasa lilikuwa chanzo cha ugomvi wa ndugu wawili, na ugomvi huo ndio uliozaa mengine yote. Nilimpa alama zake.