Waya Mmoja, Mitandao Miwili

Wanachama kadhaa wenye vijana wanaofanya kazi Shinyanga na Geita wametuuliza: inakuwaje katika ofisi za migodi simu na kompyuta vichomekwe katika waya mmoja, na bado isemwe kwamba kila kimoja kina mtandao wake? Twaona vyema tueleze, kwani Chama nacho kinafikiria kuweka mitambo ya namna hiyo.

Kwanza ifahamike kwa nini vinatengwa. Simu hizi hukata sauti vipande vidogo, aghalabu 50 kwa kila sekunde. Vipande vikichelewa sana, au vikipotea, mazungumzo huharibika. Kompyuta haina haraka hiyo. Barua ikichelewa sekunde mbili hapana ajuaye. Basi ramani kubwa ya miamba ikiijaza njia, sauti hukatika. Katika mgodi wa chini ya ardhi, kama ule wa Bulyanhulu mkoani Shinyanga, mtu anayeomba msaada kwa simu hawezi kungoja ramani ipite.

Mkulima wa karafuu hataliona jambo hili geni. Karafuu na makonyo hupakiwa lori moja, lakini kila kimoja katika magunia yake. Swichi ya mtandao nayo hutia alama. Kwa kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1998, mizigo ipitayo pamoja hutiwa namba, tuseme 10 kwa kompyuta na 20 kwa simu, na mzigo wa 10 hauingii kwa 20. Alama hiyo ina pia nafasi ya kuonyesha nani atangulie. Yapasa swichi iamriwe kutanguliza sauti, maana kutenga peke yake hakutoshi.

Lakini kutenga si kukata. Karani hutaka kupiga simu kwa kompyuta yake, na fundi hutaka kuzikagua simu akiwa mezani pake. Hapana budi pawe na mlango. Swichi ndogo haina mlango huo, huhitaji mashine nyengine iitwayo ruta. Swichi yenye uwezo wa ruta hufanya kazi hiyo yenyewe: hupewa anwani katika kila mtandao, mathalani 192.168.10.1 na 192.168.20.1, kisha huamriwa kupitisha mizigo baina yake.

Mambo matatu yaangaliwe:

1. Kila simu na kila kompyuta ipewe anwani ya mlango wa upande wake. Upande mmoja ukisahauliwa, ujumbe hufika lakini jibu halirudi, na fundi huulaumu waya bure.

2. Mlango usiachwe wazi. Bila ya amri ya kuzuia, swichi kwa kawaida hupitisha kila kitu, hata madhara yatokayo katika kompyuta iliyoambukizwa virusi. Yaruhusiwe yanayohitajiwa tu.

3. Mara nyingi simu hizi hupata umeme kutoka katika swichi kwa waya ule ule. Umeme ukizimika, simu zote huzimika pamoja. Betri ya akiba si anasa.

Basi, wanachama, jambo hili litakapoletwa mkutanoni, tusikubali kulipia nyaya mbili kwa kila meza pasipo haja, wala tusikubali mtandao mmoja uliochanganywa. Na fundi atakayekuja tumwulize: mlango uko wapi, na nani anaruhusiwa kupita?